Tasnifu moja, idara mbili: uandikie wapi?

Mdogo wangu, nimekuelewa. Unasoma historia na uchumi kwa pamoja, mwaka wa mwisho umefika, tasnifu ni moja, na unaogopa kwamba ukichagua upande mmoja utakuwa umeutupa mwingine. Nami nilisoma masomo mawili. Hofu hiyo naijua.

Kabla ya mada, soma mwongozo wa shahada yako. Vyuo vingine vinaruhusu tasnifu inayovuka idara, vingine vinakutaka ujisajili upande mmoja tu. Uliza pia nani atasahihisha. Hapo ndipo nilipoumia: niliandika kazi ya kuchanganya, msahihishaji wa pili akanikata alama kwa kukosa takwimu, ilhali msimamizi wangu, wa idara nyingine, hakuwahi kunidai hata jedwali moja.

Kisha andika swali lako kwa sentensi moja, mathalani: "Kwa nini bei ya nafaka ilipanda baada ya vita?" Utalijibu kwa barua na madaftari ya zamani, au kwa hesabu za mwenendo wa bei? Njia ya kulijibu ndiyo inayokuonyesha idara. Somo la pili litaingia kama muktadha, halipotei.

Usifuate mada kwa sababu tu mhadhiri ni mpole. Msimamizi mwenye muda, huyo mfuate. Ukihitaji kuhoji watu, omba mapema kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti unaohusisha watu, maana huchukua wiki kadhaa. Na kabla hujajaza fomu, mpelekee mratibu wa shahada sentensi yako hiyo.