Reli ya mwendokasi ndani ya miaka mitano: uiamini ahadi?

Ndugu yangu, umeuliza kama reli ya mwendokasi inaweza kukamilika ndani ya miaka mitano kama ilivyoahidiwa, maana unataka kukopa ununue nyumba karibu na stesheni. Inawezekana. Ila kwanza ulizia ardhi.

China ilianza kujenga njia ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 1,318, Aprili 2008. Juni 2011 abiria wakapanda. Japani nayo ilijenga ya Tokyo hadi Osaka kuanzia 1959 hadi Oktoba 1964, lakini sehemu ya ardhi ilikuwa imenunuliwa tangu enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Watu husahau hilo.

Sasa tazama California. Wapiga kura waliidhinisha fedha Novemba 2008, treni ikitarajiwa kuunganisha San Francisco na Los Angeles mwaka 2020. Mwaka huo ulipita bila treni. Kesi mahakamani, mabomba na nyaya za kuhamishwa, viwanja vya kununuliwa kimoja kimoja.

Na hapa ndipo penye ugumu wenyewe: treni ya kilomita 300 kwa saa haikati kona. Pinda lake hutandazwa kwa kilomita kadhaa, hivyo mwenye shamba akikataa fidia, huwezi kuipitisha reli nyuma ya zizi lake. Unamsubiri, au unakwenda naye mahakamani.

Kwa hiyo usihesabu miaka kuanzia siku ya jiwe la msingi. Hesabu tangu kiwanja cha mwisho kilipwe, kisha ongeza miezi ya majaribio. Mkopo wa nyumba usiuchukue kwa tarehe ya kwenye bango.