Tasi wamerudi, mbona chewa hawaonekani?

SWALI: Wahariri, salaam. BMU yetu (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) iliufunga mwamba mmoja kwa mwaka mzima. Tulipoufungua, tasi walijaa kwenye madema (mitego yetu ya samaki), lakini chewa ni wa kuhesabu na wote wadogo. Wapo wanaodai watu walikuwa wakivua usiku. Je, ndivyo?
Katibu wa BMU, Kilwa

JIBU: Katibu, msianze kunyoosheana vidole. Mwaka mmoja unamtosha tasi, chewa haumtoshi hata kidogo.

Tasi hula mwani na majani ya bahari, hukua upesi, na akifika mwaka mmoja hivi huanza kutaga. Mambo haya huandamana: anayekua haraka huzaa mapema na hufa mapema, kwa hiyo akipumzishwa hujaza pengo haraka. Chewa ni kinyume chake. Yule mkubwa wa kahawia mwenye mabaka, Epinephelus fuscoguttatus, amekutwa Australia akiwa na umri unaopita miaka 40, na majike hukaribia miaka 9 kabla ya kutaga. Isitoshe, chewa huyu huanza maisha akiwa jike, kisha baadhi hugeuka madume ukubwani. Mkiwamaliza wakubwa, mmemaliza madume.

Ukubwa wa mwili peke yake unadanganya. Nguru hupita mita moja, lakini hutaga akiwa na miaka miwili hivi. Kangaja wengine hawafiki sentimita 30, na huishi zaidi ya miaka 30! Umri husomwa maabara, kwenye vijiwe vya ndani ya kichwa.

Pwani mnaweza kupima ukomavu. Tasi apimwe kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia, maana ncha za mkia hukatika. Chewa mkia wake ni duara, pimeni hadi mwisho. Mpasueni tumbo: mayai yanayoonekana kwa macho ni dalili ya aliyekomaa. Andikeni miezi yote, kwani nje ya msimu kokwa za mayai hunywea na jike mzima akaonekana mchanga. Urefu ambao nusu ya majike wamekomaa ndio kipimo chenu cha chini cha samaki wa kuvua.

Lakini kwa chewa kipimo hicho peke yake hakitoshi: kumrudisha mdogo aliyetoka kina kirefu mara nyingi hakumponyi, kwa sababu kibofu chake cha hewa kimeshavimba. Dema nalo halichagui. Kwa hiyo mwamba huo ufungeni kwa miaka, na tasi mwavue nje ya mipaka yake.