Jibu: Nina faini ya nyasi, naruhusiwa kugombea bodi ya wenye nyumba?

Ndugu, hata kama bodi ya chama cha wenye nyumba wa mtaa wako imekutoza faini ya nyasi, gombea tu. Kwa nyumba za kawaida Texas, sura ya 209 ya sheria ya mali ya jimbo inabatilisha karibu kanuni zote za mtaa zinazomzuia mwenye nyumba kugombea. Kudaiwa ada au faini hakukuengui, wala hakukunyimi kura. (Kama ni kondo, yaani nyumba unayoimiliki ndani ya jengo la pamoja, inatumika sheria nyingine.)

Shida yako itakuwa akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama inayotakiwa ili kura ihesabike. Watu hawaji mkutano mkuu, akidi haitimii, na mara nyingi wajumbe wa zamani wanabaki vitini. Kwa hiyo pita mlango kwa mlango jioni, watu wakitoa mapipa ya taka, ukiwa na fomu za uwakilishi, ambazo mwenye nyumba hujaza ili mwingine ampigie kura. Asiyeweza kuja akujazie hapo hapo. Kagua sahihi, tarehe na anwani ya nyumba kabla hujaondoka. Fomu yenye kasoro ndiyo wapinzani wako watakayoikamia.

Halafu hudhuria kikao cha bodi kabla ya uchaguzi, ni haki yako, uombe bajeti. Tafadhali usiahidi kushusha ada kabla hujaona mkataba wa wakata nyasi na akiba ya kukarabati bwawa la kuogelea. Hao wa "nitashusha ada" tunao kila mwaka.