Mama ameongeza kilo mbili na nusu kwa siku tatu: amenona?

SWALI: Jambo sana dada muuguzi. Niko Kadutu, hapa Bukavu. Mama yangu ana miaka 63. Mwaka jana muganga alituambia moyo wake umechoka, hausukumi damu vizuri. Anakunywa enalapril, dawa ya moyo na presha, na furosemide ya miligramu 40 kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, kwa sababu inamkojoza katikati ya misa. Alhamisi alikuwa na kilo 64. Leo Jumapili ana 66 na nusu. Majirani wanasema amenona, dawa zinamfaa, ila jioni viatu havimwingii tena. Tumpunguzie chakula? Na ile dawa ya Jumapili, inaweza kungoja?

JIBU: Dada, mpeleke mama kwa muganga wake leo hii, au kesho asubuhi bila kuchelewa, kisha urudi kusoma yaliyobaki. Beba dawa zake zote na namba ulizoniandikia.

Mama hajanona. Ili mtu aongeze kilo mbili na nusu za mafuta mwilini, inambidi ale kalori karibu 19,000 zaidi ya zile anazotumia. Kwa siku tatu? Hata arusi mbili mfululizo hazifikishi huko. Maji ndiyo yanayopanda haraka hivyo: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mama anatembea na kama nusu ya bidoni ya lita tano ndani ya mwili. Moyo ukisukuma kidogo, figo hupata damu kidogo, nazo hudhani mwili umekauka. Zinaanza kuzuia chumvi, na chumvi ikibaki, maji nayo hubaki. Mchana yanashuka miguuni. Usiku mama akilala, yanarudi kifuani, ndiyo maana wagonjwa wa namna hii huongeza mto mmoja, halafu wa pili, mwishowe wanalala wameketi. Hukuniambia mama analalia mito mingapi. Ihesabu.

Mizani huona maji kabla ya jicho. Mguu ukivimba waziwazi, yamekwisha kuwa mengi. Kipimo tunachotumia ni hiki: zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mgonjwa aonwe. Lakini mizani nayo inadanganya ikichezewa. Hospitali moja niliyofanyia kazi, mtu wa usafi alisogeza mizani kutoka mlangoni hadi dirishani, na asubuhi hiyo wodi nzima ikawa "imeongezeka". Tulikaribia kubadilisha dawa za watu kwa sababu ya sementi isiyo sawa! Basi iweke mahali pamoja, juu ya sementi, si juu ya mkeka. Mama apande asubuhi akisha kukojoa, kabla ya chai, na kikwembe chepesi kilekile. Andika namba palepale.

Kuhusu Jumapili: furosemide ikimezwa huanza kazi ndani ya saa moja, nayo huisha baada ya saa sita hadi nane. Kwa hiyo kuisogeza kunawezekana, kuiruka hapana. Wengi tunawaambia wainywe wakirudi kutoka kanisani, tuseme saa sita au saa saba mchana. Ikivuka saa kumi, mama hatalala kwa kwenda chooni. Mwambieni muganga kwamba ndivyo mnavyofanya. Mzee akificha dozi anazoruka, muganga hudhani dawa imeshindwa na kuiongeza bure.

Chakula msimpunguzie. Punguzeni chumvi, iwe chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyote anavyokula. Hapo ndipo kwetu pana kazi. Makayabu, yaani samaki wa chumvi, hata yakilala majini usiku kucha, hubaki na chumvi. Kube za supu ni chumvi iliyovaa karatasi. Bikabonati inayolainisha maharagwe ina sodiamu ileile, ingawa ulimi hauioni. Samaki wadogo aina ya sambaza, wakiwa wabichi, na mboga za sombe na lengalenga havina neno, mkivipika kwa vitunguu, ndimu na pilipili. Atalalamika wiki mbili tatu, kisha ulimi utazoea.

Kitu kingine: je, kuna mtu anayemnunulia diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti? Karibu kila nyumba yenye mzee inazo. Dawa hizo huzuia chumvi na maji, na zikikutana na enalapril na furosemide, figo zinaweza kuumia vibaya. Kwa maumivu, parasetamoli.

Akianza kuhema ameketi tu, midomo ikageuka rangi ya bluu, akikohoa povu la pinki, akishikwa na maumivu ya kifua au akizimia, msingoje hata dakika kumi. Mkalisheni wima, miguu ining'inie, msimlaze chali, tafuteni teksi. Moto, yaani pikipiki, akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, si ya mgonjwa huyo.

Muganga akikuuliza kama mama anapumua vizuri, usijibu "kidogo". Mwambie zamani alipanda kutoka soko la Kadutu hadi nyumbani akisimama mara ngapi, na sasa anasimama mara ngapi.