Siku sita Mtwara kikazi: anza kwa kuuliza maji yanakupwa saa ngapi

Mkuu, umesema ofisi inakupeleka Mtwara siku 6 kwenye semina, hoteli imeshalipiwa pamoja na mlo, na unaogopa usije ukarudi Dar umekula chipsi kuku tu na hujaona kitu. Unataka chakula cha wenyeji na mahali pa kutembea kwa miguu baada ya kazi. Mimi naenda huko tangu 2016, karibu kila msimu wa korosho, kukagua hesabu za maghala. Misimu miwili ya mwanzo nilihangaika kuulizia majina ya migahawa. Siku hizi nikishuka tu, namuuliza dereva wa bajaji maji yanakupwa saa ngapi.

Sababu yenyewe hii. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya kule inapanda na kushuka mita 3 na zaidi. Maji yanakupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, wewe ukiwa ndani ya semina unasikiliza watu wakijitambulisha. Saa hiyo ndiyo kina mama wako mwambani na vijiti wanachokoa pweza. Mchana pweza anafika mjini, jioni anakuwa kwenye sufuria. Kwa hiyo wiki ya bamvua utakula pweza wa siku hiyohiyo, na wiki ya maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, pweza anaadimika, tafuta changu au ngisi. Usilazimishe.

Pweza wa jioni hauzwi hotelini. Anauzwa barabarani, kwenye meza yenye taa, jiko la mkaa pembeni. Muuzaji anamkata mkono vipande vidogo, unachoma kwa kijiti cha meno, unachovya kwenye pilipili, unakula umesimama, unahesabiwa vijiti. Supu yake inakuja kwenye kikombe, ina rangi ya zambarau iliyofifia, na ndimu unakamulia mwenyewe. Nenda kabla ya saa 2 usiku, baada ya hapo unabaki mchuzi. Na risiti usahau. Mimi mhasibu nawaambia hivyo, chakula bora nilichokula Mtwara hakimo kwenye retirement yoyote, yaani marejesho ya hesabu za safari, niliyowahi kupeleka ofisini.

Asubuhi una nafasi nyingine nzuri kuliko unavyodhani. Mtwara ipo mashariki sana, jua linawahi. Mwezi wa Novemba linachomoza kabla ya saa 12 kamili na kuzama saa 12 na robo hivi jioni. Ukiamka na adhana unapata saa nzima ya kutembea ufukweni Shangani kukiwa na baridi, ukirudi unapitia kwa mama lishe unakunywa chai ya rangi na vitumbua au mihogo na mbaazi za nazi. Soseji za hoteli waachie wenzako.

Mchana ndio mgumu kwa mtu wa semina, lakini ukiweza kutoroka hata siku moja, tafuta ugali wa muhogo. Siku ya kwanza nilipoagiza, mama akaniangalia shati na kitambulisho kifuani.

"Shikamoo mama, ugali upo?"

"Marahaba mwanangu. Wa sembe upo."

"Nataka wa muhogo."

"Utauweza?"

Nikaelewa baadaye kwa nini aliuliza. Unga wake ni wa makopa, muhogo uliomenywa ukaanikwa juani, na ugali wake hauvunjiki kama sembe, unavutika. Ukiutafuna kama ulivyozoea utakaa nao mdomoni mpaka semina iishe. Unakata tonge dogo, unalichovya kwenye mchuzi wa samaki wa nazi au kisamvu, unameza. Yule mama aliniangalia tonge tatu za kwanza bila kuficha. Ya nne akaenda zake kuhudumia wengine, nikajua nimefaulu.

Ming'oko pia usiiache. Ni mizizi ya porini, myembamba, inachemshwa na chumvi, wanauza wamama na watoto kwa mafungu. Unakwangua kwa meno, nyuzi unatema. Wengine wanasema haina ladha. Hao walikula moja wakaacha, ming'oko inataka ukae chini na mtu wa kupiga naye soga.

Kama semina inaangukia Oktoba hadi Desemba utakuta mabibo, yale matunda ya mkorosho. Tahadhari mbili. Kwanza yana ukakasi, ulimi unakuwa kama umepakwa unga, ndiyo hali yake. Pili, maji yake yakidondoka kwenye shati jeupe, shati hilo limeshakuwa la shamba, halitoki kwa sabuni yoyote. Uraka, ile pombe ya mabibo, ukikaribishwa onja, ila isiwe usiku wa kuamkia siku unayotoa mada. Korosho nunua zilizokaangwa mtaani, onja kwanza, muuzaji akikataa uonje hamia kwa jirani yake.

Utasikia pia utani wa "samaki nchanga". Ni panya wa shambani, wanaliwa zaidi huko juu Newala na Masasi kuliko mjini. Nimekula mara moja, nyama tamu kweli, mkia ndio ulionishinda. Kama hutaki, sema hutaki kwa heshima, usikunje uso. Watu wa Kusini wamechoka na watu wa kukunja uso.

Sasa matembezi. Shangani nimeshaitaja, na hapo ndipo nilipojidhalilisha. Ilikuwa Jumamosi ya bamvua, saa 5 asubuhi, maji yametoka mpaka huoni yalipoishia. Nikazunguka miamba nikiwa na viatu vya ofisi, kwa sababu sikuja na vingine. Nikawakuta kina mama wanahesabu pweza wao, nikaketi kivulini kupiga picha. Mmoja akaniambia, "Baba, maji yanarudi." Nikamjibu sawa, nikaendelea na simu. Wao wakaondoka. Nilipoinuka, njia niliyojia ilikuwa maji ya magoti, na pale kwenye pembe ya mwamba yalifika kifuani. Ikabidi nipande jiwe, na lile jiwe ni tumbawe la kale, lina makali kama kikwangulio cha nazi. Jumatatu niliingia ghalani na kandambili na bendeji kwenye kiganja, mtunza ghala akanipa pole kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. Kwa hiyo: kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, na mama wa pwani akikwambia yanarudi, inuka.

Jioni moja panda daladala uende Mikindani, kama kilomita 10 tu. Shuka utembee vichochoro vya ndani, nyumba za mawe na milango ya kuchongwa, nyingine nzima, nyingine mti umeota sebuleni. Ile Boma ya Wajerumani ya 1895 iko juu kidogo, sasa ni hoteli. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho 1866 na watalii wanaijia habari hiyo. Mimi napendelea kupanda kilima cha nyuma ya Boma na kuiangalia ghuba yote chini, mikoko pembeni, maji yakitoka yanaacha matope na ngalawa zimelala ubavu. Shuka kabla giza halijaingia, giza la kule halibishi hodi.

Siku ukimaliza mapema, nenda Feri uvuke kwa pantoni hadi Msangamkuu. Kuvuka ni dakika chache, ukitoka kijijini unashika ufuo mrefu wa mchanga mweupe. Ulizia pantoni ya mwisho kabla hujavuka, siyo baada.

Lindi umeiulizia pia. Ni zaidi ya kilomita 100, kwa jioni moja haifai, labda ulale. Ukilala, uvuke ghuba kwenda Kitunda asubuhi, utembee kwenye minazi, urudi. Tendaguru, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya yule mjusi mkubwa, dinosaria, kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, iko ndani sana, siyo matembezi ya baada ya kazi hata mtu akikwambia ni hapo tu.

Ikiwa ni Ramadhani, mama lishe wengi mchana hawapiki, basi subiri futari, na usitembee na chupa ya maji unakunywa hadharani.

Beba kandambili na fulana nyeusi ya mabibo. Halafu taja hapa tarehe za semina yako nikuhesabie bamvua linaangukia siku gani.