Maswali Yenu: Gari la Zamani Linaposumbua Asubuhi

Karibu barua zote za safari hii zinauliza jambo moja: gari lenye umri limelala usiku kucha, asubuhi linagoma kuwaka au linawaka na kutetemeka. Tumejibu tano. Ombi letu kwa wote ni moja: usilipeleke kwa fundi likiwa limeshapata moto. Mwachie alale nalo, aliwashe yeye mwenyewe asubuhi. Ugonjwa wa baridi hauonekani kwenye injini ya moto, na hapo ndipo watu wanapouziwa vifaa visivyohitajika.

Swali: Gari langu ni la nozeli, yaani petroli inanyunyizwa na nozeli, halina kabureta. Asubuhi napiga stata muda mrefu ndipo linawaka, lakini mchana linawaka mara moja. Nimeshabadilishiwa plagi na betri, hakuna nafuu. Tatizo ni nini?

Jibu: Kama stata inazungusha injini kwa kasi yake ya kawaida, betri haikuwa na kosa. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na stata inapopiga isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka zaidi ya hapo, angalia pia waya wa ethi kati ya injini na bodi. Kwenye gari kuukuu, kutu hujificha chini ya nati yake.

Tunashuku presha ya mafuta. Kesho asubuhi fungua swichi bila kupiga stata, subiri sekunde 3, funga. Rudia mara tatu, ndipo upige stata. Kwenye magari mengi pampu huzunguka kidogo kila swichi inapofunguliwa, kwa hiyo presha iliyopotea usiku inarudi. Likiwaka papo hapo, ujue presha inavuja gari likilala. Lakini kuna magari ya zamani ambayo pampu yake haizunguki mpaka stata ipige, na kwa hayo jaribio hili halisemi chochote. Hapo inahitajika geji ya presha ya mafuta.

Geji ikifungwa, injini nyingi za aina hii husoma kati ya bar 2.5 na 3.5. Kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha gari lako. Zima injini uitazame. Presha ikianguka hadi sifuri ndani ya dakika chache, fundi arudishe presha kisha abane mpira wa kurudishia mafuta kwenye tangi. Ikisimama, regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ndiyo inayovujisha. Ikiendelea kuanguka, arudishe presha kisha abane mpira unaoleta mafuta, kati ya pampu na geji. Ikisimama sasa, vali ya kuzuia mafuta kurudi nyuma, iliyo ndani ya pampu, imechoka. Ikianguka bado, nozeli inadondosha. Nozeli inayodondosha ina dalili zake: harufu ya petroli, moshi mweusi gari linapowaka, na kuwaka kwa urahisi zaidi ukikanyaga mafuta mpaka chini wakati wa kupiga stata. Regyuleta nayo ikaguliwe kwa kuchomoa kimpira chake cha vakyumu. Ukikuta petroli ndani yake, kiwambo, utando ulio ndani ya regyuleta, kimechanika.

Mpira wa kawaida unabanika, bomba la plastiki halibanwi. Na fundi asifungue njia ya mafuta kabla ya kushusha presha, wala karibu na moto wa aina yoyote.

Presha ikiwa salama, nenda kwenye sensa ya joto la maji. Petroli kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri na nyingine hubaki matone kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), kwa hiyo kompyuta ya injini huongeza mafuta. Sensa ikiidanganya kwamba injini ina moto, mafuta hayaongezwi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, unganisha mashine ya kusoma data na ulinganishe joto la maji na joto la hewa inayoingia. Kwa gari lililolala, namba hizo zinapaswa kukaribiana sana. Kama huna mashine, tumia maltimita: sensa nyingi husoma ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kushuka hadi 300 hivi kwenye nyuzi 80. Mshale wa dashibodi usiutegemee, mara nyingi una sensa yake ya peke yake.

Swali: Gari linawaka vizuri, lakini sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na nikitoa mguu kwenye mafuta linataka kuzima. Barabarani halina shida. Fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta.

Jibu: Mwambie asubiri. Pampu dhaifu huumiza zaidi unapopanda mlima au kukanyaga mafuta sana, si gari likiwa limesimama. Dalili zako zinaelekea kwenye hewa: ama inaingia mahali isipopaswa, ama njia yake imeziba. Kwenye sailensi injini huvuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hata ufa mdogo unavuruga mchanganyiko. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi na ule ufa hauna uzito tena.

Anza na mipira. Ipinde mmoja mmoja kwa vidole, hasa ule unaotoka kwenye kifuniko cha valvu kwenda manifoldi. Juu unaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe umepasuka upande wa chini, pale unapolainishwa na mvuke wa oili. Kisha injini ikiunguruma, nyunyizia maji yenye sabuni kidogo kwenye maungio ya manifoldi, ukikaa mbali na koili na nyaya za plagi. Mlio ukibadilika, hapo ndipo inapovuta. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini inashika moto, na sisi hatuipendekezi kwenye injini inayounguruma.

Mashine ya data inasaidia sana hapa. Kama kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 10 au zaidi kwenye sailensi, na nyongeza hiyo inapotea ukifika mizunguko 2,500 kwa dakika, ni hewa ya wizi. Ikibaki juu mahali pote pawili, chunguza sensa ya hewa au presha ya mafuta.

Mipira ikiwa mizima, fungua throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini. Mzunguko wa masizi meusi pembeni mwa kile kibao unatosha kabisa kuleta shida hii, pamoja na vali ya sailensi iliyoganda. Safisha kwa dawa yake na kitambaa laini. Sailensi ikibaki juu baada ya kusafisha usishtuke, magari mengi yanahitaji kujifunza upya. Injini ikipata moto inapaswa kutulia kati ya mizunguko 650 na 850 kwa dakika.

Swali: Dakika ya kwanza asubuhi linamisi na kutoa moshi mweupe, kisha linakuwa safi kabisa. Maji ya rejeta yanapungua, lakini sioni yanapovuja.

Jibu: Hili usiliahirishe. Gasketi ya silinda hedi inashukiwa sana. Ukizima gari, presha hubaki kwenye maji na kuyasukuma taratibu ndani ya silinda usiku. Asubuhi silinda hiyo inakataa mpaka ikauke. Chomoa plagi zote kabla ya kuwasha: iliyooshwa ikang'aa kuliko wenzake, au yenye unyevu usionuka petroli, inakuonyesha silinda yenyewe. Fundi apime kwa pampu ya presha ya rejeta, ikae usiku kucha. Usiendelee kuongeza maji tu. Maji yakijaa silinda, stata inaweza kupinda konrodi, ule mkono wa pistoni.

Swali: Gari langu ni la kabureta. Likikaa siku kadhaa bila kuwashwa, asubuhi yake ni mateso.

Jibu: Petroli ya kwenye bakuli la kabureta imekauka, na pampu ya mafuta inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo stata inafanya kazi ya kuijaza kwanza. Piga stata sekunde 10, pumzisha dakika moja, kanyaga mafuta mara mbili, kisha piga tena. Kama hata likilala usiku mmoja tu linasumbua, toa kifuniko cha filta: choki, kibao kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, inapaswa kufunga kabisa, na ukisukuma throtoli kwa mkono uone petroli ikiruka kwa mstari. Usipouona, kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta kimekufa.

Swali: Je, niliache liungurume dakika 10 kabla ya kuondoka?

Jibu: Hapana. Nusu dakika hadi dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu bila kulikamua. Kwenye sailensi injini hupata moto polepole, na muda wote huo petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Na usiliungurumishe ndani ya gereji iliyofungwa hata kidogo. Ndani ya hewa ya ekzosi mna gesi ya kaboni monoksaidi, inayoua bila harufu ya kukuonya.