Je, niandike kalori kwenye menyu ya mgahawa wangu?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina mgahawa wenye meza kumi na mbili na wapishi watatu. Siku hizi wateja wawili watatu huniuliza sahani hii ina kalori ngapi, nami sina jibu. Mwanangu anasema tuandike kalori kwenye menyu kama migahawa mikubwa ya nje inavyofanya. Meneja wangu hataki kusikia, anasema namba zitawatia watu woga waache kuagiza vyakula vinavyotuingizia fedha. Naomba kujua mambo mawili. Hizo namba zinasaidia kweli? Na nikiamua kuziandika, nazipataje bila kupeleka kila sahani maabara?
– Mama mwenye mgahawa

JIBU: Mama, nianze na meneja wako, kwa sababu hofu yake ndiyo nyepesi kuiondoa. Watu hawatishiki kiasi hicho. Mwaka 2008 jiji la New York lililazimisha migahawa yenye matawi mengi kuonyesha kalori. Watafiti walipochambua mauzo ya maduka ya kahawa ya Starbucks katika jiji hilo, walikuta kalori kwa kila oda zimeshuka kutoka 247 hadi 232. Hizo ni kalori 15, sawa na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Tena punguzo lilitoka karibu lote kwenye vitafunwa, vinywaji havikuguswa. Mapato ya maduka hayo, kwa wastani, hayakushuka. Mwambie meneja alale usingizi.

Lakini takwimu hizohizo zinamgeukia mwanao. Kama anadhani menyu yenye namba itawafanya wateja wapungue uzito, asubiri kwanza. Mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa pamoja, walikadiria kwamba namba kwenye menyu hupunguza kalori 47 hivi katika mlo wa kalori 600, na wakaonya kuwa ushahidi wenyewe ni dhaifu. Walipoupitia upya mwaka 2025 wakiwa na tafiti nyingi zaidi, makadirio yakashuka hadi asilimia 1.8, yaani kalori 11 katika mlo huohuo. Kuna utafiti mwingine wa Marekani uliofuatilia migahawa 104 ya vyakula vya haraka. Namba zilipobandikwa, kalori kwa kila oda zilishuka kwa 60, kisha zikaanza kupanda tena kidogokidogo, wiki baada ya wiki. Macho huzoea. Bango ulilolisoma mara ya kwanza kwa mshangao, mwezi wa tatu hulioni tena.

Kwa hiyo ungeniuliza tu, "Zinambadilisha mlaji?" ningekujibu: kidogo sana, na si wote. Mtu aliyekuja na njaa, au aliyekuja kusherehekea, hakuja kufanya hesabu.

Hata hivyo mimi niko upande wa kuziandika, kwa sababu ya mtu mwingine kabisa: mpishi. Pale Marekani, sheria ya nchi nzima ilipoanza kutekelezwa mwezi Mei 2018 kwa migahawa yenye matawi 20 au zaidi, watafiti walilinganisha menyu za kabla na za baada yake. Vyakula vya zamani vilibaki vilevile. Vyakula vipya vilivyoingizwa kwenye menyu baada ya hapo ndivyo vilivyokuwa na kalori pungufu, kwa robo hivi kwa wastani. Maana yake ni kwamba mwenye mgahawa akijua namba itasomwa na kila mtu, anaitazama yeye kwanza, kabla sahani haijazaliwa.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Niliwahi kusimama na mizani katika jiko moja lenye wapishi watatu kama lako. Niliwaomba kila mmoja apike sahani ileile, kwa zamu, kama anavyopika siku zote. Wa kwanza alitia mafuta gramu 20, wa pili 45. Wa tatu hatumii kijiko, anamimina kwa jicho, naye jicho lake lilikuwa gramu 70. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo kati ya wa kwanza na wa tatu kulikuwa na tofauti ya kalori 450. Jina la sahani lilikuwa moja. Mwenye jiko aliniuliza aandike ipi kati ya hizo tatu. Nikamwambia asiandike hata moja mpaka wapishi wake wapikie kipimo kimoja.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kabla ya kalori, unahitaji mapishi yaliyoandikwa, yenye gramu, na upawa mmoja wa kupakulia. Jiko lisilopima haliwezi kuwa na namba ya kweli, na namba ya uongo ni mbaya kuliko ukimya, maana wapo wateja wanaoitumia kuamua dozi ya insulini au kufuata masharti ya daktari. (Hao wa insulini wanahitaji zaidi gramu za wanga kuliko kalori. Ukishapima jiko lako, na wanga utaupata kwa kazi ileile.)

Maabara huihitaji. Hata sheria ya Marekani inaruhusu kukokotoa kutoka kwenye majedwali ya virutubishi, mradi uwe na msingi unaoweza kuueleza. Hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, FoodData Central, ni ya bure, na viungo vingi utavikuta humo. Unachohitaji kununua ni mizani ya kidijitali inayobeba sufuria nzima.

Tuchukue sufuria ya mchuzi wa nyama isiyo na mfupa. Unapima kila kinachoingia kikiwa kibichi: nyama, nyanya, vitunguu, mafuta, kila kitu, hata kile kijiko cha mwisho cha mafuta ambacho mpishi anaongeza "ili ing'ae". Unatafuta kalori za kila kimoja kwenye jedwali na kujumlisha. Tuseme jumla ni 4,800. Mchuzi ukiiva, unapima tena sufuria, unatoa uzito wa sufuria tupu, unabaki na kilo 4. Basi gramu 100 za mchuzi zina kalori 120, na upawa wa gramu 250 una kalori 300. Maji yaliyoongezwa au kukauka hayakusumbui, kwa sababu umepima mwishoni. Kama nyama ina mifupa, toa uzito wa mifupa kwenye hesabu: hesabu ya kalori ni ya kinacholiwa.

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote liko kwenye wali. Mchele mkavu una kalori 360 hivi kwa gramu 100. Ukiiva umekunywa maji, na gramu 100 za wali zinabaki na 130 hivi. Mtu anapima sahani ya wali gramu 250, anachukua namba ya mchele mkavu, anaandika 900. Ukweli ni 325. Jedwali halikukosea, yeye ndiye aliyesoma mstari usio wake. Kila unapofungua jedwali, angalia kwanza: kibichi au kilichopikwa?

Vya kukaanga ndivyo vigumu. Viazi vibichi vina kalori 77 hivi kwa gramu 100, lakini chipsi zinakaribia 300. Watu hulaumu mafuta peke yake, ila na maji yaliyotoka yana sehemu yake: kiazi kimepungua uzito, kilichobaki kimekolea. Njia ya jikoni ni kupima mafuta ya karai kabla ya kukaanga, kuyapima tena yakishapoa, na tofauti uihesabu kuwa imeondoka na chakula. Gawanya kwa idadi ya sahani zilizotoka. Si sahihi kwa asilimia mia, kuna yaliyoruka na yaliyobaki kwenye chujio, lakini ni bora mara kumi kuliko kukisia.

Saladi nazo zina mtego wake. Majani, nyanya na matango ya gramu 200 havifikishi kalori 50. Ukimwagia sosi yenye vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, umeongeza zaidi ya 350, kwa sababu kijiko kimoja cha mafuta ni kalori 120. Weka sosi pembeni kwenye bakuli dogo na uiandikie namba yake. Hiyo pekee itawasaidia wateja wako kuliko namba nyingine zote kwenye ukurasa.

Sahani ambayo mteja anachagua kitoweo, usiitungie wastani. Wamarekani wana utaratibu mzuri hapa: chaguo likiwa la vitu viwili wanaandika namba mbili zikitenganishwa na mkwaju, 300/500, na vikiwa vitatu au zaidi wanaandika kutoka ndogo hadi kubwa, 300–700. Halafu zungusha namba. Kuandika kalori 487 ni kujidai kuwa na usahihi ambao jiko halina. Andika 490, inatosha.

Usahihi wenyewe usikunyime raha. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walipima maabara vyakula 269 kutoka migahawa 42. Kwa wastani namba zilizoandikwa zilikuwa sawa, lakini chakula kimoja katika kila vitano hivi kilizidi kilichoandikwa kwa kalori 100 au zaidi. England, ambayo tangu Aprili 2022 inazibana kampuni zenye wafanyakazi 250 na kuendelea, mwongozo wake unakubali tofauti ya asilimia 20. Hata vipimo tunavyovitegemea sote, 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa wanga, 9 kwa mafuta na 7 kwa kilevi, ni wastani uliotokana na kazi ya mwanakemia wa Marekani, Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19. Lozi zilipopimwa kwa watu waliozila, mwaka 2012, zilikutwa zinawapa kalori pungufu kwa karibu robo kuliko hesabu ya Atwater, kwa sababu sehemu ya mafuta yake inapita tumboni bila kusagwa. Nakuambia haya usije ukagombana na mteja kwa ajili ya kalori 20.

Namba iwekwe wapi? Karibu na jina la chakula, kwa herufi za ukubwa uleule, isifichwe chini ya ukurasa. Mimi ningeiweka kushoto, kabla ya jina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliona watu wanaagiza kalori chache zaidi namba inapotangulia jina, na kwa wasomaji wa Kiebrania, wanaosoma kutoka kulia, ikawa kinyume. Kinachosomwa kwanza ndicho kinachotumika kukipimia kinachofuata. Chini ya menyu ongeza sentensi moja kwamba mtu mzima anahitaji takriban kalori 2,000 kwa siku, na mahitaji hutofautiana. Hiyo 2,000 nayo usiiabudu. Mamlaka ya chakula ya Marekani ilianza na pendekezo la 2,350, ikaishusha hadi 2,000, sababu moja ikiwa ni urahisi wa kukumbuka. Fundi wa ujenzi na bibi wa miaka themanini hawawezi kuwa na namba moja.

Kuna jambo ambalo wewe na mwanao hamkuliuliza, nami sitaki kulipita. Wapo watu wanaougua matatizo ya ulaji, wanaojinyima chakula mpaka wanaumwa au wanaokula na kujitapisha. Kwao namba karibu na kila jina inachochea maradhi. Walipolalamika England, sheria ikaruhusu mgahawa kuwa na menyu isiyo na namba kwa mteja anayeiomba. Kwa mgahawa wa meza kumi na mbili, ushauri wangu unageuza utaratibu huo: menyu ya kawaida ibaki bila namba, na uchapishe nyingine yenye namba, pawepo na maandishi kwamba ipo kwa anayeitaka. Hulazimiki na sheria za hao wenye matawi mengi, na wateja wanaouliza ni wachache. Najua baadhi ya wenzangu wa lishe watanipinga, wanaona namba isiyo mbele ya macho haifanyi kazi. Kwa mgahawa wa matawi mia ningekubaliana nao.

Usianze na menyu nzima. Chukua sahani kumi zinazotoka zaidi, ziandikie mapishi, wapishi wote watatu wapike kwa mapishi hayo wiki mbili, ndipo upime. Mpishi akiondoka au ukibadili chapa ya mafuta au ukubwa wa upawa, pima upya. Hao wawili watatu wanaouliza sasa hivi wasiambiwe namba ya kubuni. Mhudumu ataje zile mlizokwisha kupima tu, kwa mfano, "Bado tunapima. Wali tayari, sahani ni 325. Mchuzi wa nyama ni 300 kwa upawa. Vya kukaanga, rudi mwezi ujao."